Neno Aliloachiwa Mdogo Wangu

Baba alianza kusikia baridi wakati mji mzima wa Baraka ulikuwa unatokwa jasho. Mama alimfunika blanketi mbili, akamwekea koti lake la kuhubiria juu yake, na bado meno yalikuwa yanagongana. Nikaitwa nishuke kutoka Fizi-Centre, ambako nafundisha shule ya msingi. Niliomba ruhusa kwa mkuu wa shule, nikapanda pikipiki, nikafika nyumbani nywele zimejaa vumbi jekundu.

"Mama, umefika," baba alisema. Aliniita hivyo tangu utoto wangu, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. "Macho yangu haionake tena maandishi. Utanisomea."

Alitaka habari za mfalme mmoja tu wa Israeli ya zamani, yule aliyetoka kuchunga kondoo akatawala mpaka uzee. Baba alimhubiri miaka yote ya uchungaji wake, lakini sikumbuki akimtaja kwa jina. Alisema "mufalme", kama mtu anayemzungumzia jirani.

Nilielewa kwa nini alimpenda. Katika ujana wake baba alikuwa porini na bunduki, juu ya milima hii yetu ya Fizi, kabla hajaokoka na kuwa mchungaji. Mfalme naye alikuwa mtu wa vita, na kwa sababu ya damu aliyomwaga alikatazwa kumjengea Mungu nyumba. Basi akawa anakusanya tu mawe, chuma na mbao za mierezi, ili mwanawe aje ajenge. Baba alifanya vilevile. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na depo iliyojaa mbao, nondo na mabati, na nje yake lundo la mawe yaliyochongwa. Waumini walikuwa wanasalia chini ya maturubai, wakamwomba mara nyingi aanze kujenga. Aliwaonyesha viganja vyake. "Hii mikono ilishika bunduki. Iko mutu atajenga, haiko mimi." Watu walimsifu kwa unyenyekevu wake, na mimi nilijivunia.

Mtu huyo wa kujenga alikuwa mdogo wangu wa kiume, ambaye wakati ule alikuwa mwinjilisti huko juu upande wa Bibokoboko, kati ya wafugaji. Kanisa lilikuwa limekubali kwamba yeye ndiye atakayeshika nafasi ya baba.

Nilikuwa namsomea alasiri, kibarazani, jua likimwangukia magotini. Sehemu za mawe na mbao zilimfurahisha, alitikisa kichwa kama fundi anayekagua kazi. Lakini tulipofika kwenye kitanda cha mfalme, pale anapomwita kijana aliyemchagua na kumwachia maneno ya mwisho, uso wake ulibadilika.

"Rudia hapo."

Nikarudia. Kesho yake tena, hapo hapo.

Ni sehemu ambayo sikuwahi kuifundisha kwa watoto wa kanisani. Zamani, mfalme alipokuwa anamkimbia mwanawe mwingine aliyemwasi, mtu mmoja alimfuata kando ya njia akimtupia mawe na kumwita mtu wa damu. Mfalme aliporudi na nguvu zake, mtu yule akaanguka miguuni pake, na mfalme akamwapia kwamba hatakufa. Alitunza kiapo chake. Ila siku anakata roho, alimwagiza mrithi wake asimwache mtu yule azeeke na kufa kwa amani.

"Baba, kwa nini hapa tu?" niliuliza.

"Kwa sababu mufalme aliapa yeye mwenyewe. Mutoto hakuapa."

Nilifunga kitabu. Nilijua mtu tuliyekuwa tunamsoma alikaa ng'ambo ya barabara yetu.

Alikuwa mzee wa kanisa, jirani yetu. Wakati wa vita vilivyotukimbiza watu wa Baraka kuvuka ziwa kwenda Tanzania, yeye ndiye aliyekuwa anapakia watu kwenye mtumbwi mkubwa. Mimi nilikuwa nimeshatangulia na shangazi. Baba na mama walikuja baadaye na dada yangu mdogo, ambaye alikuwa na homa. Yule jirani akamshusha baba mbele ya watu wote. Alimwambia kwamba bunduki zake za zamani ndizo zilizotuletea mikosi, kwamba damu aliyomwaga itazamisha mtumbwi. Akamrushia mchanga. Walifuata ufuko kwa miguu, na dada yangu alifia njiani, mgongoni kwa mama.

Tuliporudi kutoka ukimbizini, jirani alipiga magoti kanisani, akalia. Baba alimwinua, akaapa mbele ya wote: "Siku zote mi niko muzima, hakuna mutu atakugusa." Watu walipiga vigelegele. Mimi pia. Nilikuwa binti wa shule, sikusikia kitu katika yale maneno "niko muzima". Sasa, nikiwa nimekaa kando yake kibarazani, niliyasikia: kiapo kingekufa pamoja naye.

Na jirani alikuwa anakuja kila asubuhi na samaki wabichi. "Pasta, mumeamukaje?" "Tumeamuka," baba alijibu, na macho yake yalimfuata mpaka mlangoni.

Wiki hiyohiyo alikuja mgeni kutoka milimani na chupa ya asali. Alikuwa mwenzake baba wa siku za bunduki, mzee mwenye mabuti ya plastiki, ambaye mpaka leo vijana wa porini wanamtii. Walijifungia chumbani muda mrefu. Alipotoka alisimama kibarazani, akaitazama nyumba ya jirani, akaondoka bila kunywa chai. Sikumwambia mama. Niliogopa kumkumbusha yule mtoto aliyefia mgongoni mwake.

Mdogo wangu alishuka kutoka juu. Wazee wa kanisa walijaa chumbani, jirani akiwa kati yao. Baba aliinuliwa kwenye mito, akaweka mkono juu ya kichwa cha mdogo wangu, akamkabidhi funguo za depo. Alimweleza mlango wa kanisa utazame wapi, mawe gani yaende chini, mbao gani ziende juu. Sauti yake ilikuwa na nguvu kuliko siku zote. Jirani alipiga makofi, akapangusa machozi.

Kisha baba akasema, "Sasa mutoke bote. Mutoto abakie."

Mlango ulifungwa. Nilikaa jikoni nikichambua sombe, majani ya mihogo. Mdogo wangu alipotoka alikwenda moja kwa moja kwenye ndoo, akanawa uso mara nyingi, kama mtu aliyemwagiwa kitu.

"Amekuambia nini?"

"Amenipa kazi."

"Kazi gani?"

"Ya kujenga, dada." Hakunitazama.

Baba alifariki siku chache baadaye. Tulimzika na watu wengi, kutoka Fizi na kutoka pande zote za ziwa. Baada ya matanga nilivuka barabara kurudisha masufuria tuliyoazima kwa jirani, nikamkuta mdogo wangu amekaa pale na mwenye nyumba.

"Muzee," alikuwa anamwambia, "mukae hapa Baraka. Mwende sokoni, mwende ziwani, mwende kanisani. Lakini ule muto wa njia ya Fizi, musiuvuke."

"Shamba yangu iko kule ng'ambo, pasta."

"Batoto benu watalima. Ninyi musivuke."

Niliweka masufuria chini. Katika kile kitabu, mfalme mpya, yule mrithi, alimwambia mtu yule wa mawe maneno ya namna hiyo: kaa mjini, siku utakayovuka kijito utakufa. Mtu yule alikaa, mpaka watumwa wake walipotoroka, akavuka kuwafuata. Akauawa. Nilimtazama mdogo wangu, niliyembeba mgongoni akiwa mtoto, nikamwona kama mtu nisiyemjua. Nilitaka kumuuliza. Lakini ningeuliza ningejibiwa, na jibu niliogopa.

Nilirudi Fizi kufundisha. Kila niliposhuka Baraka nilikuta kuta za kanisa zimepanda. Mdogo wangu alijenga pamoja na mafundi, mikono imepasuka kwa simenti. Jirani alikuwa anakonda. Alikaa mbele ya nyumba yake akitazama barabara ya mlimani, na alipoulizwa kwa nini halimi tena, alisema magoti. Bamama sokoni walianza kunong'ona kwamba pasta mpya amemfunga mzee.

Halafu, nikiwa nyumbani kwa likizo, habari ikafika kwamba dada yake jirani amefariki Fizi-Centre. Nilimwona akitoka na koti lake na viatu vyeusi, akiwa peke yake. Nilimkimbilia. "Muzee, munaenda wapi?"

"Kuzika dada yangu." Hakusimama. "Kama iko kufa, nife."

Nilikimbia mpaka kwenye jengo. Mdogo wangu alikuwa juu ya ukuta.

"Anavuka!"

Aliacha mwiko ukaanguka. Alinawa haraka, akavaa shati lake la uchungaji lenye kola nyeupe juu ya suruali ya simenti, akawasha pikipiki. "Panda."

Hapo njiani, upepo ukitupiga, ndipo aliponiambia. Baba hakumpa yeye kazi ya kuua. Kazi hiyo alikuwa ameshampa mgeni wa asali. Alichomwachia mdogo wangu kilikuwa kuhakikisha inamalizika, na sharti lake lilikuwa hili: wale wa milimani wasingegusa mtu ndani ya Baraka, mbele ya familia yetu na kanisa, lakini mzee akivuka mto, ni wao na yeye.

"Ndiyo maana ulimkataza?"

"Ningefanya nini kingine? Nimwambie kwamba baba…" Hakumaliza.

Tulimkuta darajani, akipumzika. Alikataa kurudi, basi mdogo wangu akampandisha nyuma yake, mimi nikachukua pikipiki ya kukodi, tukavuka. Tulipoanza kupanda mlima, gogo lilikuwa limelazwa barabarani. Vijana walikaa kando, na katikati yao alikuwa yule mwenzake baba, mabuti yaleyale. Dereva wangu alizima mota, akaanza kuomba kimyakimya.

Mdogo wangu alishuka, akamsaidia mzee kushuka, akamshika mkono.

"Pasta," yule mtu alisema kwa upole kabisa, "we pita. Dada apite. Muzee abakie, tuko na mazungumzo naye."

"Tunaenda naye kwa kilio."

"Baba yako aliacha neno."

"Najua neno. Aliniambia na mi pia."

"Basi unajua iko ya kwake, haiko yako."

"Nafasi yake aliniachia mimi," mdogo wangu alisema. Hakuachia mkono wa mzee. "Kanisa nimechukua, funguo nimechukua, na kile kiapo aliapa mbele ya batu nimechukua pia. Ile neno naiondoa. Kama iko mutu wa kulipa, ni mimi."

Yule mtu alimtazama. Kijana mmoja alicheka kidogo, akanyamaza alipoona hakuna mwenzake anayecheka. Mzee jirani alikuwa ameinamisha kichwa, na nikaona kwamba suruali yake imelowa.

"Baba yako asingesema hivyo," yule mtu alisema mwishowe.

"Ndiyo. Asingesema."

Aliwapa ishara, gogo likasogezwa. "Tutaona," alisema tulipokuwa tunapita.

Tulizika. Tulirudi kesho yake kwa njia ileile, mdogo wangu mbele, mzee akimshika kiunoni, na barabara ilikuwa tupu. Hilo lilinitisha kuliko gogo. Mwezi uliofuata watoto wa mzee walimvusha ziwa, wakaenda kukaa naye Kigoma. Tumesikia bado yu hai. Kanisa limeezekwa, na Jumapili nyingine mtu mwenye mabuti ya plastiki huja, hukaa karibu na mlango, hutoka kabla ya baraka. Mdogo wangu huhubiri akijua yupo. Amehamishia kitanda chake upande wa ndani, mbali na dirisha.

Mama nilimwambia mwishowe, kwa sababu alikuwa ameanza kumlaumu mwanawe kwa kumfukuza jirani. Tulikuwa tunaanua mihogo iliyokauka. Nilimweleza yote: kitanda, asali, mto, gogo. Alisikiliza akiendelea kujaza kikapu.

"Mi ndiye nilimubeba yule mutoto," alisema. "Alikufa hapa, mugongoni mwangu. Baba yenu hakuniuliza."

Kisha aliniomba nishike upande wa pili wa kikapu, tukakipeleka ndani kabla mvua haijaanza.