Kitambaa Cheupe Chini ya Mipira ya Maji

Mwanangu Zuhura, ipo siku moja haijanitoka kichwani mpaka leo, nayo ni siku ya mwisho ya mfungo, mwaka ambao mimi na marehemu bibi yangu tuligombana kwa ajili ya kompyuta. Nimeikumbuka jana uliponitumia mchoro wako kwenye simu. Nimeutazama, nikavaa miwani, nikautazama tena. Kompyuta yako ya kwanza ya kujiundia mwenyewe, ya kuchezea gemu, inayopozwa kwa maji! Mama yako kaniuliza mbona nacheka peke yangu. Nimemwambia mtoto huyu damu yangu, asisumbuke kutafuta alikotoa wazimu huo.

Taa umezipanga vizuri, mashallah. Zambarau huku, kijani kule. Lakini nimetafuta katika mchoro mzima mahali ulipoonyesha utaijaribuje kabla ya kuitia umeme, sikupaona. Basi kaa kitako nikusimulie, na usinikatize, maana unanijua nikikatizwa naanza upya.

Nilikuwa kijana wa umri wako, naishi kwa baba hapa hapa Bagamoyo. Nyinyi mnadhani gemu mmezianza nyinyi! Nilikuwa na kompyuta moja niliyoikusanya kipande kwa kipande, naipenda kuliko kula. Baba alikuwa na duka la vitambaa, mtu wa maneno machache, na alikuwa amenipa chumba cha mbele kinachotazama barabarani nifungue chumba cha gemu. Alinipa kwa sharti. Siku ya Idd mashine iwe inafanya kazi na vijana wanacheza. Ikishindikana, chumba anapewa baba mdogo aweke magunia yake ya korosho, na mimi nakwenda Fukayosi kwenye shamba la mjomba. Kilimo sikidharau, kimetulisha. Ila nilikuwa nimejiapiza kwamba mkono huu utashika bisibisi, na nikijiapiza jambo huwa sirudi nyuma.

Shida ilikuwa joto. Joto la kwetu unalijua, hata kivulini shati linalowa. Mashine ikifika katikati ya mechi, inazima pwa! Mpira uko mguuni, goli liko wazi, kioo kimekuwa cheusi. Vijana wakanibandika jina, wakaniita Fundi wa Kipindi cha Kwanza. Nikaweka feni kubwa ya mezani, nikaacha kasha wazi, wapi! Hewa yenyewe ya moto, feni ingepoza nini? Ndipo nikasoma kwamba wako watu wanaopitisha maji ndani ya kompyuta, yanabeba joto kutoka kwenye prosesa, ule ubongo wa mashine, yanalipeleka kwenye rejeta, yanarudi yamepoa. Nikasema ndiyo hii hii. Wa kunizuia hajazaliwa.

Enzi zile hapakuwa na vifaa vya tayari kama hivyo unavyoviagiza. Pampu niliitoa kwenye tangi la samaki wa mapambo. Rejeta ilikuwa ile ndogo ya hita, niliifungua kwenye gari bovu. Nani anataka hita Bagamoyo? Fundi mmoja wa kuchonga vyuma akanichongea kipande cha shaba chenye vijia vya maji ndani, cha kukaa juu ya prosesa. Mipira nikapata ile laini inayoonyesha maji. Ramadhani nzima nilipima, nikakata, nikafunga. Siku moja nilishangilia rejeta imeenea ndani ya kasha, kumbe nimesahau kwamba nayo inafungwa feni yake, na feni ilipokaa mfuniko ukagoma kurudi. Nilianza upya bila kumwambia mtu.

Basi siku ile ya mwisho, baada ya adhuhuri, kila kitu kikawa tayari ndani ya kasha. Nimechota ndoo ya maji kisimani uani, na mkononi nina chupa ya marashi ya bibi. Cheka, lakini sikiliza. Kwetu kitu kipya hakifunguliwi hivi hivi. Kuna dua, kuna ubani, wageni wananyunyiziwa marashi. Nikaona, badala ya kuyamaliza kwenye mashati ya watu, kwa nini nisiyatie ndani ya mashine yazunguke humo na baraka zake? Nilijiona nina akili kupita kiasi.

Bibi Mwanakombo, mama yake baba, akatokea mlangoni mikono imejaa unga. Alikuwa anasukuma visheti vya Idd.

"Unafanya nini na marashi yangu?"

"Natia kwenye mashine, bibi. Iwe na baraka."

"Ebo! Marashi hunyunyiziwa watu. Yakichacha humo ndani useme bibi kakuroga?" Akachungulia ndoo. "Na maji hayo umeyatoa wapi?"

"Kisimani."

Alikwenda jikoni, akarudi na birika kuukuu, akafunua kifuniko nitazame. Ndani kulikuwa na gamba jeupe nene, limeganda mpaka kwenye mdomo wa birika. Maji ya kisima chetu yana chumvi, ndiyo maana ya kunywa tulikinga ya mvua. Nilijua hivyo tangu utotoni, na bado nilikuwa tayari kuyamimina kwenye vijia vyembamba vya shaba. Haraka ilikuwa imenifumba macho, mwanangu.

Nikadhani yameisha. Bibi akauliza, "Umeshajaribu kama kinavuja?"

"Nitajua nikiwasha."

"Mtungi mpya humu ndani tunaufanyaje?"

Nilijua jibu, na nilijua ananipeleka wapi. Mtungi mpya haunywewi maji siku unayotoka kwa mfinyanzi. Unajazwa, unawekwa pakavu, unaachwa, unatazamwa chini. Maji yale yanamwagwa. Ukishaaminika ndipo unafukizwa ubani na kutiwa maji ya kunywa.

"Na mtungi ukivuja unalowesha sakafu tu," bibi akasema. "Hicho chako kikivuja kinalowesha nini?"

"Bibi, kesho Idd!" Nilipaza sauti, na kwa bibi yangu sikuwa na desturi hiyo. "Vijana wanakuja kesho! Baba atachukua chumba!"

"Kesho Idd, ndiyo, na adabu ni leo. Toa hayo mambo ya maji nje ya kasha."

Nilitoa. Nilinuna mpaka midomo ikavimba, lakini nilitoa. Bibi akaleta kipande cha bafta nyeupe kutoka dukani kwa baba, akakitandika mezani. Juu yake akakung'uta unga wa bluu, ile ya kufulia kanzu, kidogo sana, huwezi hata kuuona mpaka uguswe na maji. Akaniagiza nipange vitu vyangu juu ya kitambaa: pampu, rejeta, kile kipande cha shaba na mipira yake. Kompyuta yenyewe ikabaki pembeni, haina habari. Nikaenda kwa jirani fundi magari nikapata maji ya betri, yale safi yasiyo makali, nikamimina, nikawasha pampu peke yake. Maji yakazunguka. Nikainua rejeta upande huu na upande ule mpaka mapovu yakatoka yote.

"Usiguse mpaka turudi kuswali Idd," akasema.

Baada ya alasiri nilijaribu kuingia kimyakimya nizime nirudishe kila kitu kwenye kasha. Nikamkuta amehamisha sinia la visheti, amekaa nalo mlangoni pangu. Hata hakuinua macho. Nikageuka kama mtu aliyepotea nyumba.

Asubuhi tulirudi kuswali, kanzu mpya, watu wanapeana mikono, mimi moyo uko mezani. Niliingia mbio. Kitambaa kilikuwa cheupe kote, isipokuwa mahali pamoja, chini ya kiungio cha rejeta. Doa la bluu, kubwa kama kifungo cha shati. Na kiungio kile ndicho nilichomwonyesha kila mtu kwa majivuno, nikisema hicho hata tembo akivuta hakitoki. Ndani ya kasha, chini ya pale pale, ndipo ilipokaa kadi ya picha.

Sijapata hata kuvuta pumzi, vijana wakajaa mlangoni na nguo zao za sikukuu. Nyuma yao baba, na nyuma ya baba, baba mdogo, anakipima chumba kwa macho kutoka ukuta hadi ukuta.

"Inafanya kazi?" baba akauliza.

Ningeweza kukaza klipu inayobana mpira, nikarudisha kila kitu ndani, nikawasha, nikawaonyesha mechi moja, chumba kikawa changu. Wazo hilo lilinijia, na lilikuja limependeza. Nikamtazama bibi. Alikuwa anapanga visheti kwenye sahani, kana kwamba hayamhusu.

"Bado, baba," nikasema. "Inavuja. Nimeshaona inapovujia."

Vijana wakaguna. Mmoja akasema, "Fundi wa Kipindi cha Kwanza leo hata uwanjani hajaingia!" Wakaangua kicheko. Baba mdogo akakohoa, "Basi zile korosho, kaka..."

Baba aliinama mezani, akaligusa doa kwa kidole, akakitazama kidole, akapitisha macho kwenye mipira yote mmoja mmoja jinsi nilivyoifunga.

"Korosho zitakaa kwangu ukumbini," akasema. "Chumba hiki chake mpaka kitambaa kibaki cheupe."

Nilifurahi, mwanangu, mpaka machozi yakanitoka mbele ya vijana wale wale, wakapata la kunicheka mwaka mzima. Sikujali. Nilivua kanzu mpya, nikafungua kiungio. Kumbe mpira niliukata mshazari, upande mmoja haukufika mwisho. Nikaukata upya, sawasawa, nikafunga klipu nyingine, nikakigeuza kitambaa upande wa pili, nikakung'uta bluu, nikawasha pampu, nikaenda kula pilau. Kesho yake upande huo ulikuwa mweupe wote.

Siku hiyo ndipo nikarudisha njia ya maji ndani ya kasha na kuitia mashine umeme. Mechi ikaanza, kipindi cha kwanza kikapita, cha pili kikapita, filimbi ya mwisho ikalia na mashine iko baridi! Kelele zilizopigwa mle ndani zilimtoa bibi jikoni. Alikuja na mrashi wake, akatunyunyizia marashi sisi sote vichwani, amesimama mbali na mashine, makusudi kabisa.

Sasa, mwanangu, twende kwako. Kabla hujaagiza hata mpira mmoja, pima kasha lako, na rejeta ipime ikiwa na feni yake. Kwenye mchoro onyesha maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi, na mahali pa chini kabisa weka kibomba cha kumwagia, kwa sababu siku moja utataka kuyabadilisha. Kipande chako cha prosesa ni shaba, basi usinunue rejeta ya alumini kwa sababu imependeza. Vitu hivyo viwili ndani ya maji mamoja vinalana. Ile mipira migumu ya kupinda kwa moto niliyoiona kwenye mchoro ni mizuri, lakini hii ni ya kwanza, anza na laini. Tia maji maalumu ya kupozea. Ya kisimani hapana, ya bombani hapana, na marashi umeshasikia.

Na kubwa kuliko hayo: kwanza jaribu njia ya maji nje ya kasha. Ukishaifunga ndani, washa tena pampu peke yake, vingine vyote visiwe na umeme, uiache ilale hivyo hivyo. Utakuwa na hamu inayokuchoma. Rafiki zako watakuuliza imewaka, imewaka? Waambie bado. Kusema bado mbele ya watu kunauma, nakubali, mimi nilisema nikiwa na kanzu mpya. Lakini jambo ulilolitaka kwa moyo wote lipe muda wa kukuonyesha linapovujia, ungali unaweza kulifungua na kulifunga upya.

Kitambaa kile ninacho. Doa halikutoka, na wala sikulifua sana. Nimekikunja pamoja na pakiti ya bluu, kitakuja na basi la kesho, kipokee hapo Vigwaza barabarani. Tumia upande ulio safi.

Mungu aithibitishe mikono yako, akuepushe na haraka, akujaalie watu wa kukaa mlangoni pako ukitaka kujidanganya, na usiku wa gemu zako uwe wa furaha na usalama. Amin. Na ukimaliza, picha ya taa za zambarau mtumie mama yako. Mimi nitumie ya kitambaa.