Kwa Miguu Hadi Msiba wa Mzaramo

Kutoka Kilburn, ninakokaa, hadi Stanmore ni treni moja tu, hubadilishi, na ukipata kiti unaweza kusinzia mpaka mwisho wa reli. Mimi nilikwenda kwa miguu. Sababu niliyowaambia watu ilikuwa ya kishujaa. Sababu yenyewe ilikuwa woga.

Rafiki yangu Shomari, Mzaramo wa Kisarawe, alifiwa na mama yake siku ya Jumatano. Maziko yakafanyika alasiri ileile, naye akayatazama kwenye simu akiwa jikoni kwake Stanmore, maana hakukuwa na ndege ambayo ingemfikisha kwa wakati. Mkewe, Rukia, alinipigia kuniambia kwamba tangu hapo hali chakula, hasemi, wala hajatoa chozi. Watu wanakuja kumpa pole, anaitikia kwa kichwa.

Sasa mimi ni Mnyamwezi wa Tabora, na Mzaramo ni mtani wangu. Babu zetu walipita kwao wakibeba pembe za ndovu kwenda pwani, wakatozwa hongo, yaani ushuru wa njia, wakagombana, wakapatana, na ugomvi ule ukageuka mzaha wa kurithishana. Msibani kwa mtani huendi kulia, unakwenda kufanya vituko, na mfiwa harusiwi kukasirika. Lakini Rukia ni mtu wa Mombasa, binti yao Leila kazaliwa London, na sebule ingejaa watu wasionijua. Nikikosea, nimemwaibisha rafiki yangu mbele za watu. Nisipofanya, nimemwacha peke yake na msiba wake. Nililala na neno hilo siku mbili.

Jumamosi asubuhi, Kilburn. Kuna kikundi cha wapenzi wa njia za kale ambacho hutembea barabara za zamani, na siku hiyo walikuwa wanaifuata ile ya mtaani kwetu, ambayo kumbe ilijengwa na Warumi na baadaye ikapitiwa na magari ya farasi. Ilielekea upande wa Stanmore. Nikajiambia kwamba mjukuu wa wapagazi haendi msibani kwa treni. Kiongozi wetu, Bi Margaret, mwalimu mstaafu, alikuja na fimbo mbili za kupandia milima. Wenzake walivaa viatu vya kukanyagia theluji na kubeba chakula cha kuvuka jangwa, katika barabara yenye mgahawa kila baada ya duka la simu.

Cricklewood. Bi Margaret alitusimamisha mbele ya duka la kuku wa kukaanga, akatueleza jinsi barabara hii ilivyonyooka. Warumi, alisema, hawakumwomba mtu ruhusa. Wenzangu wakatikisa vichwa kwa heshima. Mimi nikamwambia kwamba njia ya babu zangu ilipindapinda, kwa kuwa ilibidi imwombe ruhusa kila mtu: mwenye kisima, mwenye shamba, mwenye mji. Alifurahi sana, akauliza kama tumeihifadhi kama wao. Nikajibu kwamba mahali pengine pana kibao, pengine pana mihogo. Akauliza basi ni nani anayeitunza. Nikajifanya nafunga kamba za viatu.

Hendon. Hapa tulikuta jiwe la kuonyesha maili, limejificha nyuma ya kituo cha basi, na kila mtu akalipiga picha. Dereva wa basi alitufungulia mlango akidhani tunapanda. Kusema kweli, nusura nipande. Nilikuwa namfikiria marehemu. Alikuwa akiniona kwenye simu ya Shomari haniachi. Alipojua kwamba nabeba maboksi kwenye ghala la Hayes, alisema tembo wamekwisha lakini Mnyamwezi hakosi cha kubeba. Nilimpenda sana yule bibi, na hakuna aliyenipa pole.

Edgware. Wenzangu waliendelea na Warumi wao kupanda kilima, wakaniaga kwa kunishika mkono mmoja mmoja. Nikakata kushoto. Kutoka pale hadi kwa Shomari si mbali, ila niliweza kupafanya mbali. Nilisimama kusoma hata matangazo ya nyumba zinazouzwa.

Stanmore. Viatu vilijaa mlangoni. Ndani watu walikuwa wakinong'ona kama wako maktaba, na Shomari amekaa pembeni mwa kochi, mikono magotini. Nikasimama katikati ya sebule, nikauliza kwa sauti ni nani mwenye mji huu, maana msafara umefika na hatuoni mapokezi. Nikasema nasikia bibi kizee kafa makusudi ili asinipikie. Nikamwinua jamaa mmoja kitini nikidai kiti hicho ni urithi wangu, nikauliza huu ni msiba gani usio na harufu ya wali.

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja alivuta istighfari. Rukia alikuwa amesimama mlango wa jikoni, nikaona anavyojuta kunipigia simu. Leila akanishika mkono, machozi yakimlengalenga.

"Uncle, please," akasema. "Not today."

Shomari hakuinua hata kichwa. Nilitamani ardhi ya Stanmore inimeze. Lakini utani ukishaanza hauachwi njiani. Nikabana koo, nikaitoa sauti ya mama yake, ile nyembamba yenye kukwaruza: "Shomari, huyo mpagazi kanawa mikono?"

Kisha Shomari akasema, akiwa bado ameinama, "Hakusema hivyo."

"Alisemaje?"

"Alisema, mwambie anawe mara mbili, halafu mpe kijiko."

Akacheka. Kicheko hakijaisha, kilio kikakifuata, akalia kwa sauti kama wanavyolia watu wa kwao, mpaka majirani nadhani walisikia. Leila aliniachia mkono akaenda kumkumbatia baba yake. Rukia alileta wali, akampa mumewe, naye akala. Mimi nililetewa sahani yangu na kijiko.

Jioni, kurudi. Shomari alikataa nisindikizwe na mtu mwingine, akavaa koti akatoka nami, Leila akatufuata. Njiani alimweleza Leila habari za wapagazi na hongo, kwa Kiswahili, naye akauliza maswali mengi kwa Kiingereza. Niliwaza kwamba nikimwona tena Bi Margaret nitamwambia njia yetu ipo na bado inapitika, ila hakuna pa kuipigia picha.

Tulipofika kituoni nilikawia mlangoni. Kilburn nakaa peke yangu, chumba kimoja, na ziko siku huwa nawaza kwamba nikifa huku nitazikwa na watu wanaonong'ona. Sijapata kumwambia mtu. Shomari akanishika bega.

"Ukitangulia wewe, Mnyamwezi," akasema, "nitakuja kwa miguu. Na nitakuaibisha mpaka wanifukuze."

Katika nchi hii nimeahidiwa mambo mengi. Hilo ndilo la kwanza nililoliamini.