Kompyuta Isiyozima Jumamosi

Nyumba ya wazazi wangu kule Kitengela inaongezwa chumba, na fundi wa mawe aliomba ramani ya zamani. Baba akasema ramani iko ndani ya ile kompyuta. Aliisema hivyo akitazama kando, jinsi mtu anavyomtaja ndugu aliyekosana naye. Basi mwezi uliopita nikaenda kuiamsha, na tangu nirudi sina raha. Keti kidogo nikueleze, wewe ambaye pia ulikulia katika nyumba ya vitambaa.

Habari hii huwezi kuielewa bila vitambaa. Mama alivifuma mwenyewe, vyeupe vyenye maua mekundu ukingoni, na hakuna kitu nyumbani kwetu kilichokaa uchi. Viti vilivikwa, redio ikavikwa, televisheni ikavikwa, hata chupa ya chai ilikuwa na sketi yake. Kila Jumamosi asubuhi vyote vilivuliwa, vikafuliwa, vikaanikwa juu ya ua wetu wa miti ya kayaba, halafu jioni vikapigwa pasi na kurudishwa, ili wageni wa Jumapili wakitoka kanisani wakute nyumba imevaa. Ole wako ukae kwenye kiti na mikono yenye mafuta ya chapati.

Baba alikuwa mchoraji wa ramani za nyumba. Miaka yangu ya kwanza ya shule alifanya kazi ya kandarasi Magadi, akawa anakuja nyumbani mwisho wa mwezi, midomo imepasuka kwa joto na macho mekundu. Alikuwa mgeni kwetu. Tulimpa kikombe kizuri. Kandarasi ilipokwisha alisema harudi tena. Kitengela yote ilikuwa ikikatwa ploti, kila mtu anajenga, na kila anayejenga anahitaji ramani. Angechorea hapa hapa mezani. Msimamizi wake alimwambia nafasi yake itamngoja kidogo, lakini Baba hakutaka hata kusikia.

Kompyuta aliiunda mwenyewe. Alikuwa akienda Nairobi na kurudi na kipande kimoja, leo memori, juma lijalo feni, na kukipanga juu ya gazeti sebuleni. Sisi watoto tulikatazwa hata kupumua karibu. Siku alipobonyeza kitufe na feni ikaanza kunguruma, Mama alisali kabisa, macho yamefungwa. Kisha Baba akatuita wote na kutoa amri. "Adui ya hii kitu ni vumbi. Mnasikia? Vumbi ndio itaiua."

Na vumbi la Kitengela unalijua. Linapita chini ya mlango, linaingia kwenye sukari. Mama alilichukua neno la Baba kwa uzito wote. Kabla juma halijaisha alikuwa ameishonea CPU, lile boksi lenyewe, koti lake, kitambaa kirefu kinachofunika juu, kinashuka ubavuni na nyuma mpaka mezani, mbele pameachwa wazi ili kitufe kionekane. Baba alicheka mpaka akaketi. "Imevaa kuliko mimi," akasema. Alifurahi, na Mama akafurahi kwamba amefurahi.

Sijui kama nilipata kuwa na furaha kuliko miezi ile. Baba yupo asubuhi. Baba anachemsha chai na kuimwaga kwenye jiko. Muuza maziwa, mama wa Kimaasai aliyepita langoni kila siku, alimsalimia "Sopa" na kumcheka kwa aproni aliyovaa, naye akaitikia kwa Kimaa kibovu alichokiokota Magadi. Chapati zake zilikuwa na umbo la ramani ya Kenya, tukigombania nani ale Turkana kwa kuwa ni kubwa. Niliomba Mungu kazi ya ramani isiishe.

Ng'ambo ya ua wa kayaba alikaa jirani yetu, fundi wa kuchomelea vyuma, Msabato kutoka Kisii. Lango letu ni kazi ya mikono yake. Mchana kutwa tulisikia mashine yake ikichachamaa na kuona mwanga wa buluu tuliokatazwa kuutazama, nasi tukautazama. Lakini Jumamosi kwake palikuwa kimya. Chakula kilipikwa Ijumaa, na alasiri, wakitoka ibadani, mkewe alituita tule ndizi za kupikwa na mboga chungu iliyolazwa kwenye maziwa. Baba na jirani walikaa kando ya tangi la maji wakibishana siasa na kucheka kwa sauti ambayo Mama aliisikia akiwa kwenye kayaba, akigeuza vitambaa vyake.

Kisha kompyuta ikaanza kuzima.

Ilikuwa inazima bila kukuaga. Baba yuko katikati ya kuchora ngazi ya mtu, skrini inaingia giza, kazi ya asubuhi nzima imekwenda. Wakati mwingine saa nne, wakati mwingine baada ya chakula, siku nyingine haizimi kabisa. Alifungua ubavu wake, akatoa kadi za memori, akazisugua kwa raba ya penseli, akazirudisha. Ikakaa wazi mezani siku nzima bila kitambaa, nzima kama nini. Akaifunga, Mama akaivisha, kesho yake ikazima. Akabadilisha kisanduku cha umeme. Akafuta kila kitu na kuanza upya. Akaipeleka kwa fundi wa mjini, nayo huko ikafanya kazi bila hata kukohoa, na fundi akamtazama kama mtu aliyeleta mtoto mzima hospitali. Ikarudi nyumbani, ikavikwa, ikazima.

Wateja hawangoji. Mwalimu mkuu wa shule jirani, aliyekuwa ameagiza ramani ya nyumba yake ya kustaafu, alikuja mara moja, akaja tena, halafu tukasikia amepata mtu mwingine. Baba akaacha kupika chapati. Mezani tulikula kimya, na Magadi, neno ambalo halikutajwa, lilikuwa limekaa pale pamoja nasi. Niliogopa ile mashine. Nikirudi shuleni nilisimama kwanza mlangoni nisikilize kama feni inanguruma.

Ndipo Baba alipogundua jambo. Jumamosi haizimi. Jumamosi hata moja haijawahi kuzima. Alisimama dirishani, akatazama ng'ambo ya ua, kule kulikokuwa kimya, na nikamwona usoni mtu aliyepata jibu. Ni mashine ya kuchomelea. Inavuta stima, umeme wote wa mtaa, na Jumamosi jirani hafanyi kazi.

Akamwomba jirani azime siku moja tu, wajaribu. Jirani akakubali mara moja. Ilikuwa siku ya Julai, baridi ya kutetemesha, manyunyu tangu asubuhi, watu wamevaa sweta ndani ya nyumba. Kompyuta haikuzima. Baba akatoka akaenda kwenye ua.

"Umeona sasa?"

"Nimeona. Lakini jirani, hiyo ndio kazi niko nayo."

"Na mimi? Mimi niko na nini? Wewe ukiwasha, mimi nazimika. Unataka nirudi Magadi ndio ufurahi?"

Hayo aliyasema kwa sauti kubwa, mke na watoto wa jirani wakisikia. Jirani aligeuka akarudi kwenye karakana yake. Jumamosi iliyofuata hatukuitwa kula. Nyingine pia hatukuitwa. Nilipita langoni mwao mara mbili tatu kana kwamba nimetumwa dukani, nikisikia harufu ya ndizi, na hakuna aliyenitazama.

Mwisho wa mwezi lori lilisimama ng'ambo. Jirani alikuja kwenye lango letu, lile alilolitengeneza mwenyewe, na hakuingia ndani. "Nimepata mahali Rongai," akamwambia Baba. "Kama ni mimi nakuzuia kukaa na hawa watoto, wacha nitoke." Alisema bila hasira, na nadhani hilo ndilo lililomchoma Baba, kwa sababu alishindwa hata kumshukuru. Mkewe alikuwa ameketi kiti cha mbele cha lori na sufuria mapajani.

Siku chache baadaye, jua likiwa limerudi, mtaa mzima kimya hata siku ya kazi, Baba akawa anachora. Nilikuwa mezani nafanya hesabu za shule. Ikazima. Baba hakupiga meza. Alikaa akitazama kile kioo cheusi, kisha akainuka, akaenda chumbani, nikasikia sanduku likivutwa kutoka chini ya kitanda.

Alirudi Magadi, akafanya kazi kule mpaka alipostaafu. Mimi nilikua, nikamaliza shule, nikaolewa, yeye akija mwisho wa mwezi na kupewa kikombe kizuri.

Sasa turudi kwa mwezi uliopita. Ilikuwa Jumamosi, siku ya kufua. Niliiwasha kompyuta asubuhi, ikachukua muda, ikaamka. Nikaanza kutafuta ramani kati ya mafaili ya Baba, naye ameketi nyuma yangu akijifanya anasikiliza redio. Ikafanya kazi mpaka mchana. Tukala. Jioni ikikaribia, Mama akaingia na vitambaa kifuani, vimetoka kwenye pasi, akapita akivisha kimoja kimoja kama alivyofanya maisha yake yote, na CPU nayo akaivisha koti lake, akalinyoosha nyuma vizuri likafika mezani. Sikuwaza lolote. Haikupita muda, skrini ikaingia giza.

"Si nilikwambia," Baba akasema.

Nikapitisha mkono nyuma, chini ya kitambaa, niangalie kama waya umelegea. Nikautoa haraka. Palikuwa na moto kama mgongo wa jiko. Nikakivua kitambaa, tukangoja, nikabonyeza, ikawaka. Upande wake wa ndani, chini ya ule usafi wa kufuliwa leo, nyuzi zilikuwa zimegeuka rangi ya chai mahali pa feni.

Mama alikichukua kutoka mkononi mwangu. Alikitazama upande ule wa ndani. "Nilikuwa naiziba pumzi," akasema. "Ni mimi. Miaka hiyo yote ni mimi."

Baba alizima redio. "Si wewe," akasema. "Mimi ndio nilikuambia vumbi."

Mimi nilikuwa nikifikiria Jumamosi zile kompyuta ilipokaa uchi, vitambaa juu ya kayaba na jirani kando ya tangi, vitu viwili ambavyo havikuhusiana kabisa, na baridi ya ile siku ya Julai. Nilikuwa nikifikiria chapati. Nikamwambia Baba kwamba Rongai si mbali, naweza kumpeleka hata kesho, tuulize mafundi wa vyuma, mtu kama yule hakosi kujulikana.

Alitazama nje. Dirishani, pale palipokuwa na karakana, siku hizi kuna gorofa za kupangisha, na nguo za watu tusiowajua zimeanikwa kwenye roshani.

"Nitamwambia nini?" akaniuliza. "Kwamba ilikuwa kitambaa?"

Ramani niliipata jioni ile. Kompyuta iliachwa wazi, haikuzima tena. Mama alikikunja kile kitambaa, akakiweka kabatini, na ile pembe ya sebule ikabaki haijavaa kitu.