Barua Niliyoiandika Kama Tapeli

Mimi ni karani wa udahili katika chuo kidogo cha uuguzi hapa Songea, na kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kupiga simu. Majina ya waliochaguliwa yakitoka, nilikaa na orodha nikampigia mmoja mmoja. Habari yenyewe ilikuwa ya dakika moja: umepata, njoo. Lakini nani wa mkoa huu atakubali kupewa habari kwa dakika moja? Lazima kwanza tusalimiane, tuulizane kama mvua imenyesha kwenu, kisha simu apewe mama, naye aanze upya. Mimi sina subira. Mke wangu anasema hata chai ya moto naigombeza.

Ndiyo maana nilipohudhuria mafunzo ya kompyuta ya wiki mbili, nilirudi na wazo la kuachana na salamu kabisa. Nikatengeneza mfumo: jina likiingia kwenye orodha, barua pepe inajituma yenyewe. Aliyechaguliwa anabonyeza kuthibitisha. Asiyebonyeza mpaka Ijumaa ya mwisho saa kumi jioni, anafutwa na nafasi yake inapewa mwingine.

Barua niliiandika kwa siku tatu, na niliipenda kuliko chochote nilichowahi kuandika, barua za uchumba zikiwemo. Ilianza na HONGERA SANA kwa herufi kubwa nyekundu, na alama tatu za mshangao nyuma yake. Ikafuata UMECHAGULIWA, kisha BONYEZA HAPA HARAKA. Jina la mwombaji halikuwemo, maana kuliweka kulihitaji hatua moja zaidi nami nilikuwa na haraka. Anwani ya mtumaji nikaipa jina "usijibu", kama nilivyoona ofisi kubwa zikifanya. Nikamsomea mkuu wa chuo, sista mpole asiyependa mabishano.

"Na wakitaka kuuliza kitu?" akasema.

"Hawatauliza, Sista. Kila kitu kimo."

Nikabonyeza. Kompyuta ikaonyesha kwamba zote zimetumwa, nami nikaenda kunywa chai kama mtu aliyejenga daraja.

Wiki tatu zikapita na waliothibitisha walikuwa wachache mno. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza kama barua zimefika. Mimi nilisimama kwenye kikao cha wafanyakazi, nikatoa hotuba kuhusu vijana wa siku hizi ambao hawako siriasi na maisha yao. Ijumaa ikafika, mfumo ukafuta, na waliokuwa kwenye orodha ya akiba wakachukua nafasi. Hao Sista aliwapigia simu mwenyewe, na wote wakaja.

Jumatatu yake alikuja binti wa Nalasi, kule Tunduru, ana bahasha ya vyeti mkononi. "Shikamoo mwalimu," akanisalimia, kisha akauliza kama majibu yameshatoka, kwa sababu amekuwa akiangalia barua pepe yake kila anapopata mtandao na haoni kitu. Nikamjibu kwa ukali kidogo kwamba majibu yalitoka zamani, nikachukua simu yake ili nimwonyeshe uzembe wake. Nikafungua folda ya barua taka. Barua yangu ilikuwa humo na wekundu wake wote, katikati ya tangazo la dawa ya kurefusha nywele na mtu aliyedai kuwa mrithi wa mfalme fulani.

"Humo sijawahi kuangalia," akasema. "Si wameandika ni taka?"

Alikuwa wa nne katika orodha nzima. Na mfumo wangu ulikuwa umemfuta Ijumaa, na kitanda chake bwenini kilikuwa kimeshapewa mtu mwingine. Nilimwambia arudi kesho, maana sikuweza kumweleza nikiwa namtazama usoni.

Sista akauliza nani amemfuta. Nikasema mfumo.

"Huo mfumo ni nani?"

Kitanda cha ziada hakikuwepo. Binti akaahidiwa nafasi ya mwaka unaofuata, akapanda basi kurudi kwao.

Nikaanza kutafuta kosa, nikiomba liwe la kompyuta. Kweli nikakuta moja. Kuna maandishi ya kuthibitisha, mfano wa muhuri, ambayo chuo kinatakiwa kuyaweka mtandaoni ili barua zake zitambulike kuwa ni zake. Kwenye mafunzo yalifundishwa. Siku hiyo niliondoka mapema kuwahi mpira. Nikayaweka, nikajitumia barua ya majaribio, ikafika vizuri, nikamtangazia Sista kwamba nimemaliza kazi. Kisha nikawatumia waombaji ishirini barua ile ile, nikawapigia simu kuuliza kama imefika. Nyingi zilikuwa zimeangukia kwenye taka tena.

Hapo ndipo nilipozipitia fomu, nikaona kwamba karibu wote waliokosa barua walijaza maombi kwenye steshenari moja ya Msamala, hapa hapa mjini.

Mwenye steshenari ni mama wa makamo anayetoa fotokopi na kupiga picha za pasipoti. Waombaji wengi hawana barua pepe, hivyo yeye huwafungulia, neno la siri analiandika kwenye daftari, na mara kwa mara anawaangalizia kama kuna kilichokuja. Nilipomwonyesha barua aliitambua papo hapo.

"Hii? Hii nimeiripoti. Imekuja kwa wateja wangu wote siku moja. Kila nikiikuta nabonyeza kwamba ni taka. Nimebonyeza mpaka kidole kimechoka."

Wenye huduma ya barua pepe wakiona malalamiko mengi juu ya mtumaji mmoja, wanaacha kumwamini, hata kwa wale wasiolalamika. Nikamwuliza mama amefanya hivyo kwa nini.

"Mwanangu, huyu mtu hasalimii. Jina la mteja halijui. Anasema hongera, anasema haraka, halafu anasema usimjibu. Mwenye habari njema anakukataza kumjibu?" Akavua miwani. "Kwani unamfahamu aliyeandika?"

Nikasema ni mimi.

Akanitazama kwa huruma. "Basi unaandika kama tapeli, mwanangu."

Nilishinda pale siku mbili. Tulifuata daftari lake mstari kwa mstari, tukizitoa barua kwenye taka, na kila alipoingia mteja wa fotokopi nilimpisha kiti. Barua mpya niliiandika mbele yake: salamu kwanza, jina la mwombaji na namba ya fomu yake, nani anaandika, na simu ya ofisi. Rangi nyekundu aliikataa katakata. "Usijibu" niliiondoa mwenyewe, kwa aibu. Mwishoni tukamwomba kila mtu ajibu neno moja tu, "nimepokea", maana mtumaji anayejibiwa huaminiwa.

Mwaka uliofuata barua zilifika, na majibu yakaja, ila si neno moja. Wananijulia hali. Baba mmoja wa Mbinga aliniandikia habari za kahawa yake ukurasa mzima. Nawajibu wote, na mke wangu anacheka kila akiniona nachapa salamu.

Binti wa Nalasi alikuwa wa kwanza kujibu, na sasa yuko darasani. Kwa muda mrefu alidhani mimi ndiye niliyemwokolea barua yake kutoka kwenye taka. Baba yake alinitumia hata korosho, na nilizila. Wiki iliyopita nilikutana na binti huyo kwenye korido nikashindwa kuendelea na uongo ule. Nikamweleza kila kitu, nikitegemea aseme nimempotezea mwaka.

"Mwaka si kitu, mwalimu," akasema. "Zile wiki tatu ndizo mbaya. Nilijua nimekosa nafasi. Nikawaambia nyumbani sina akili ya kusoma, nikawagawia wadogo zangu madaftari yote. Baba hakunigombeza. Alinipa jembe tu. Ni shangazi ndiye aliyenilazimisha nije kuuliza."

Alisema bila hasira, kama anayemwelekeza mtu njia. Nikamwomba msamaha pale pale, mafaili yakiwa yamenijaa mikononi. Akanipokea mafaili, akasubiri nimalize.