Wawili kwa Nanga Moja

Kwa miaka mingi Aila Ylitörmä alikuwa akisherehekea siku yake ya kuzaliwa mara mbili kwa siku moja. Saa sita mchana alimkaribisha kaka yake Taisto, akampa kahawa, mkate wa iliki na keki ya krimu. Taisto akishaondoka na vikombe vikishaoshwa, saa tisa aliingia mdogo wao Ensio, akapewa kahawa ileile na keki nyingine nzima, kwa kuwa Ensio alikuwa hali keki iliyokatwa na Taisto. Krismasi nayo ilikuwa hivyohivyo. Hata sauna, kibanda cha kuogea mvuke, iliwashwa mara mbili, na kuni za Aila zikawa zinaisha kabla ya za jirani yeyote pale kijijini kwetu Kuorpa, kaskazini ya mbali.

Chanzo kilikuwa swali moja. Taisto ndiye huendesha mashine ya kusawazisha theluji mlimani. Usiku huulainisha mteremko wa kutelezea skii, kisha huuacha ugande hadi asubuhi, na ole wake atakayeukanyaga kabla. Ensio anafuga kulungu wa theluji. Usiku mmoja kulungu hao waliuvuka mteremko mbichi kundi zima, wakauacha umetobokatoboka kama chapati iliyochezewa na mtoto. Asubuhi Taisto alimkuta mdogo wake mbele ya mkahawa, wageni wa kusini wakiwa wamejaa, akamuuliza kwa sauti:

"Kwani una kulungu wangapi we Ensio, nijue nikasirike kiasi gani?"

Wageni walicheka. Sisi wa Kuorpa tuliangalia viatu vyetu. Mfugaji unaweza kumuuliza habari za ini lake, au za mke aliyemkimbia akahamia mjini Oulu, lakini idadi ya kulungu wake haiulizwi; ni sawa na kumuuliza mtu ana pesa ngapi benki. Mke mwenyewe hukisia tu. Ensio aliweka kikombe chini, akatoka, na tangu siku hiyo hakumsemesha kaka yake tena.

Aila aliishi katikati yao. Ujanani alifanya kazi kwenye kiwanda cha magari Uswidi, akachoka na mvua, akarudi nyumbani na kuchukua kazi ya lifti ya nanga. Lifti hiyo haina viti. Ni kamba ya chuma inayozunguka kwenda juu na kurudi, imening'iniza fimbo zenye umbo la nanga, na kila nanga huvuta watu wawili waliosimama juu ya skii zao, vile vibao virefu vya kutelezea theluji. Usikae, utaanguka. Mmoja akianguka, humwangusha na mwenzake. Kazi ya Aila ilikuwa kuwapanga watu wawiliwawili, mrefu na mrefu, mfupi na mfupi, na aliyekuja peke yake humtafutia mwenzake. Ndoa kadhaa zimeanzia mikononi mwake. Talaka pia, lakini hizo hakuzihesabu kuwa zake.

Sasa lifti ilikuwa ing'olewe mwisho wa msimu, viwekwe viti vya kisasa vya watu sita. Na Jumamosi ya wiki ya likizo ya skii, wakati nusu ya kusini huwa imehamia kwetu na foleni inafika kwenye maegesho, ndiyo siku Aila alikuwa anatimiza miaka sitini.

"Safari hii naoka keki moja," alinitangazia wiki ile, na ndugu zake akawaambia vilevile, saa tisa. "Nataka waje wote wawili, meza moja. Wasipokuja, nitaila peke yangu na mlango nimeufunga."

Baba yao alikuwa miongoni mwa waliochimba mashimo ya nguzo za lifti ile, kwa hiyo kila mmoja alitaka kuipanda mara ya mwisho. Aila aliwapigia simu.

"Njoo saa tano," alimwambia Taisto. "Ensio yuko kwa kulungu wake."

"Njoo saa tano," alimwambia Ensio. "Taisto amekesha kazini, saa hizo analala."

Lifti ya nanga ina foleni mbili, ya kushoto na ya kulia, na watu hukutana langoni tu. Saa tano Taisto alikuja kwa kushoto, mtu mrefu kama mlingoti. Ensio alikuja kwa kulia, kofia imefika kifuani mwa wenzake, miguuni amevaa skii ndefu za mbao za kutembelea msituni. Walionana nanga ikiwa tayari inageuka kuwajia.

"Aila!" alinguruma Taisto.

"Pinda magoti."

"Sipandi na huyu."

"Leo hapandi mtu peke yake. Foleni yote hii huioni?"

"Nitangoja mfupi mwenzangu," alisema Ensio, akiiambia theluji.

"Jamani wazee, twendeni basi!" alipaza sauti baba mmoja nyuma yao. "Watoto wanaganda huku!"

Huko kwetu mtu anaweza kununa miaka mingi bila tabu, lakini kuzuia foleni ni aibu asiyoiweza. Wakapanda. Fimbo ilimkamata Ensio kiunoni, na Taisto ikamkamata nyuma ya magoti, ikabidi ajikunje kama anayetafuta sarafu sakafuni. Walipanda wakiwa wamekakamaa kama watu wawili waliobeba kioo.

Aila aliwafuata kwa macho. Walipofika pale penye mwinuko mkali, alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya isipokuwa mtu akianguka: alibonyeza kitufe chekundu. Lifti ikasimama.

Foleni iliguna. Redio ikakoroma, meneja kijana wa ofisini.

"Aila, kuna nini huko?"

"Kuna theluji."

"Theluji ipo kila mahali, Aila."

"Ndiyo maana."

Kule juu doa dogo lilianza kurudi nyuma. Skii za mbao hazina makali ya chuma ya kushika barafu. Doa refu lilinyoosha mkono. Kisha ukungu ukashuka ukawafunika wote wawili, na Aila, kwa mara ya kwanza, akaogopa alichokifanya. Akaiwasha lifti haraka.

Alipanga watu bila kuwatazama, hata akampanga mtoto na jitu la mtu kutoka Turku kwenye nanga moja. Wa kwanza kushuka alikuwa mama mmoja wa Tampere, huko kusini, mwenye kofia nyekundu, aliyekuwa kwenye nanga ya nyuma yao.

"Mama, wale wazee wa mbele yetu!" alisema akihema.

"Wamepigana?"

"Wala. Yule mfupi alikuwa anateleza, mrefu akamkamata ukosi kama paka na mtoto wake. Mfupi akamwambia, 'Niachie.' Mrefu akasema, 'Nikikuachia utaamkia Uswidi.' Mkono hakuutoa. Halafu yule mfupi, hata hajaulizwa kitu, akataja namba tu. Akasema—"

"Usiitaje!" Aila aliinua glovu mbele ya uso wa yule mama. "Usiniambie, na wewe uisahau. Ukifika Tampere uwe umeshaisahau."

"Namba tu hiyo?"

"Isahau. Yule mrefu alicheka?"

"Hakucheka. Alisema, 'Ahaa.'"

"Ahaa ya namna gani?"

Mama wa Tampere alifikiri. "Ya mtu aliyepewa kitu."

Saa tisa Aila aliandaa vikombe vitatu na kukaa akiangalia dirishani. Taisto aliingia akichechemea kwa maumivu ya magoti. Ensio aliingia nyuma yake, akavua kofia, akakaa upande wa pili wa meza. Taisto alikoroga kahawa yake, kijiko kikigonga kikombe.

"Nilidhani ni wengi zaidi," alisema Taisto.

Aila alishika ukingo wa meza.

"Wangekuwa wengi zaidi," alijibu Ensio, "ungekuwa huna mteremko."

Taisto alicheka mpaka kahawa ikampalia. Kisha akachukua kisu, akaikata keki, na Ensio akasogeza sahani yake. Ilipoisha, Aila alikwenda barazani kwenye baridi akarudi na keki ya pili. Alikuwa ameoka mbili, asijiamini.

"Si ulisema moja?" Taisto alimdhihaki.

"Kula, nyamaza."

Siku hizi sauna huwashwa mara moja. Kuna jambo moja tu linalomkera Aila. Taisto anaijua ile namba, na kule Tampere kuna mama mwenye kofia nyekundu pengine bado anaikumbuka. Kati ya ndugu watatu, Aila peke yake ndiye asiyeijua, na hawezi kuuliza.