Maji Meupe Chini ya Kiti

Ndugu zangu, bado naona haya kusimama mlangoni mwa basi langu. Mimi ni kondakta wa basi la Lushoto hadi Mombo, na kipindi hiki cha kipindupindu ndimi ninayewanawisha abiria mikono kwa maji ya dawa. Bwana afya alitufundisha kuwa mgonjwa huharisha maji meupe kama yaliyooshewa mchele. Juzi, tukiteremka kona za Soni, nikayaona yakitiririka chini ya kiti cha bibi mmoja wa Vuga.

"Kipindupindu!" nikapiga kelele. Basi likasimama, watu wakaruka nje hata kupitia madirishani.

"Mwanangu, mimi mzima," bibi akalia. Sikumsikiliza. Nikamzuia ndani mpaka bwana afya alipofuatwa Soni.

Bwana afya akainama, akanusa, akavuta kibuyu kilichopasuka.

"Haya ni maziwa mgando. Hakuna mgonjwa hapa."

Abiria wakashangilia, na mimi moyo ukatulia.

"Kibuyu cha nani?" akauliza.

Ndipo nikakumbuka zawadi ya mama mkwe, niliyoisukuma mwenyewe chini ya kiti asubuhi.

"Shikamoo, bibi," nikasema kwa sauti ndogo. "Ni changu."