Unga wa Kangaga

Harufu ya kangaga, ule mmea wa mtoni, uliopandwa kwenye kopo la jirani imenirudisha Geita, nilipokuwa darasa la tatu. Mwalimu alituagiza majani ya kupanga kwa makundi. Nikachuma kangaga mtoni. Chini ya jani kulikuwa na madoa ya kahawia, na unga wake ukanibaki viganjani. Jioni ile mdogo wangu akashikwa na homa. Niliamini nimemwambukiza ugonjwa wa lile jani, siku mbili sikumgusa.

Shuleni nilimwonyesha mwalimu lile jani. “Ugonjwa huu unaua?”

“Si ugonjwa. Kundi hili halitoi maua, huzaana kwa unga huo.”

Nilikimbia nyumbani, nikampakata mdogo wangu. Bado alikuwa wa moto.

“Mama, sasa homa imetoka wapi?”

Mama aliendelea kukamua kitambaa cha maji, akakiweka kwenye paji la uso wa mdogo wangu.